Printa Iliyokufa Ina Haki, Ng' Haina

Mwaka jana nilikuwa nasaidia kupanga picha na karatasi za zamani zinazohusu njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikafika hapa kwetu Tabora, ikaendelea hadi Ujiji, kisha ikavuka ziwa kuingia Kongo. Kazi ya kujitolea, kompyuta ya kuazima. Nikaamua kila kituo kiwe na folda yake, jina la herufi tatu tu ili nisichoke: BAG, MPW, TAB, UJI. Ya mwisho nikaiita CON, maana karatasi zenyewe ni za Kiingereza na wameandika Congo. Windows ikakataa. Ikaniambia jina la kifaa nililotaja si halali.

Kifaa gani tena? Mimi natengeneza folda. Nikajaribu herufi ndogo, con. Wapi. Kijana wa steshenari aliyeniazima ile mashine akacheka: "Mzee wangu, hiyo hata ukikesha haikubali."

Alisema kweli. Na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa sababu kila nikiifikiria napandwa na hasira ambayo mwanzoni sikuielewa.

CON ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya skrini na kibodi vikichukuliwa pamoja. Jina hilo lilikuwepo kwenye CP/M, mfumo alioutengeneza Gary Kildall mwaka 1974, na kutoka huko likahamia kwenye DOS ya Microsoft iliyotoka mwaka 1981. DOS ya kwanza haikuwa na folda kabisa. Mafaili yote yalikaa mahali pamoja, na vifaa vilipewa majina kana kwamba navyo ni mafaili: CON ni skrini na kibodi, PRN ni printa, AUX ni kifaa cha ziada, NUL ni shimo, chochote ukikitumbukiza humo kinapotea. Pamoja na hayo ipo milango ya nyuma ya kompyuta, COM1 hadi COM9 na LPT1 hadi LPT9. Ukitaka kuchapa barua, unainakili kwenda PRN, basi, inachapwa. Ni rahisi na ni akili.

Mwaka 1983 DOS 2.0 ikaleta folda. Hapo ndipo wangeweza kusema: sasa vifaa vikae kwenye folda yao, majina mengine yaachiwe watu. Hawakufanya hivyo. Programu zilizokwisha kuandikwa zilitegemea kwamba CON inaitika popote ilipo, na wenye mfumo hawakutaka kuzivunja programu za wateja wao. Kwa hiyo CON ikawa inaitika katika kila folda. Ikaja Windows, zikaja za baada yake, na mpaka leo, kwenye mashine isiyo hata na tundu la kuchomeka printa ya aina ile, huwezi kutengeneza folda inayoitwa CON wala PRN wala AUX. Gharama yake haikuwa ndogo. Mwaka 2000 iligundulika kwamba Windows 95 na 98 ukiziambia zifungue con ndani ya con, mashine nzima inaanguka. Wakaleta kiraka. Jina lenyewe wakaliacha palepale.

Silalamikii hilo, na naomba nieleweke. Sisi watu wa Tabora tunajua njia ya zamani inavyomshika anayekuja baadaye. Reli ya Wajerumani iliyofika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata kwa sehemu kubwa mapito yaleyale ya misafara, na reli mpya ya kisasa imepangwa kupita hukuhuku. Huwezi kuanza dunia upya kila Jumatatu. Kumheshimu aliyetangulia, hata kama ni printa, mimi naita adabu.

Ninachouliza ni kwa nini adabu hiyo inaishia kwenye printa.

Maana baada ya CON kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo lililoniumiza. Ndani ya folda ya TAB nilipanga picha kwa kata: Cheyo, Gongoni, Isevya, Kanyenye, Kitete, Ng'ambo. Tulipotaka kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, kijana wangu alitumia Linux na mstari mfupi wa amri aliouandika mwenyewe. Cheyo ikaenda. Gongoni ikaenda. Ilipofika Ng'ambo kazi ikasimama, mashine ikidai kuna alama ya nukuu iliyofunguliwa haijafungwa. Kila kilichofuata baada ya Ng'ambo kikabaki nyuma.

Ajabu ni kwamba Linux kama Linux haina ugomvi na ritifaa. Katika jina la faili inakataa vitu viwili tu: mkwaju na ile alama ya sifuri isiyoonekana. Windows nayo inaikubali ritifaa bila neno. Tatizo liko kwenye zana zinazosoma amri, ambazo zikiiona ' hudhani mtu ameanza kunukuu maneno, zikakaa kusubiri amalize. Zinamsubiri mtu wa Ng'ambo afunge nukuu ambayo hakuifungua.

Kijana akanipa dawa papo hapo. "Mzee, toa hiyo alama. Andika Ngambo. Watu wataelewa."

Simlaumu yeye. Ndivyo alivyofundishwa, na ukisoma miongozo ya kupanga mafaili utakuta wanasema hivyohivyo: tumia herufi za kawaida, usiweke nafasi, usiweke alama. Mimi nawalaumu wanaouchukulia ushauri huu kuwa wa kiufundi tu, usiomgusa mtu. Unaigusa lugha, na tena mahali penyewe. Katika Kiswahili ritifaa ya ng' si pambo wala nukuu. Ni sehemu ya herufi. Ng' ni sauti moja ya puani, na ukiiondoa ritifaa unapata sauti nyingine na mara nyingi neno jingine. Ng'ara ni kutoa mwanga. Ngara ni wilaya kule Kagera. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu na tamaa. Na kwa kuwa nilikuwa nashughulika na misafara: ngata ni ile duara ya kitambaa au majani anayoweka mtu kichwani kabla ya kujitwika mzigo, na ng'ata ni kazi ya meno. Sasa niambie, mpagazi katika karatasi zangu aliweka nini kichwani?

Watasema muktadha utaeleza. Sawa, muktadha utamweleza msomaji. Je, utaieleza kompyuta? Kompyuta haisomi muktadha inapotafuta faili, inalinganisha alama kwa alama. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ritifaa zenyewe ziko nyingi. Iko ile iliyonyooka ya kibodi. Iko iliyopinda, ambayo Word hukubadilishia yenyewe bila kukuomba ruhusa. Wapo wanaotumia ile iliyolala kushoto kwa sababu kwenye simu ndiyo waliyoiona kwanza. Machoni Ng'ambo zote tatu ni moja. Kwa mashine ni maneno matatu, ukiongeza na Ngambo ya kijana wangu yanakuwa manne, na ukitafuta moja, zile nyingine hazikuitikii. Tena katika Unicode, ile orodha ya dunia ya alama zote za maandishi, ipo ritifaa maalumu ambayo imehesabiwa kuwa herufi, namba yake U+02BC. Ipo! Nionyeshe kibodi moja inayouzwa Tabora yenye kitufe chake.

Kwenye picha hasara ni kuchelewa. Kwenye majina ya watu ni jambo jingine. Huku magharibi majina ya Kinyamwezi na Kisukuma yanayoanza na Ng' na Ng'w yako kila mtaa. Namfahamu mama mmoja ambaye jina lake limeandikwa kwa ritifaa kwenye cheti kimoja, bila ritifaa kwenye kingine, na kwenye kitambulisho cha tatu aliyeandika ameacha nafasi katikati, jina likawa mawili. Alipofuatilia haki ya marehemu mumewe akaambiwa hao ni watu watatu, akale kiapo kwa wakili kwamba yeye na yeye na yeye ni mtu mmoja. Akalipa. Printa ya mwaka 1981 haijawahi kudaiwa kiapo.

Kuna watakaosema haya ni matatizo ya kila mtu, hata Waairishi wenye jina la O'Brien wanakataliwa na fomu za mtandaoni. Ni kweli wanakataliwa, na wanapiga kelele, na fomu zinarekebishwa. Sisi tunarekebisha majina. Hiyo ndiyo tofauti, na inaanzia kwetu. Tazama jirani zetu. Waganda katika maandishi yao rasmi wana herufi moja kamili ya sauti hii, ŋ, lakini kwa kuwa vibodi haviiweki, wengi wanaandika ng' kama sisi. Wakikuyu wana ĩ na ũ, na ukifungua simu zao utakuta i na u tupu. Kila mahali kibodi imeshinda, na kila mahali walioshindwa wamejiambia ni jambo dogo.

Wala si kwamba hatujawahi kujaribu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nao baadaye wakatoa tafsiri yao. Kazi nzuri, naiheshimu. Lakini ilikuwa kazi ya maneno yanayoonekana kwenye skrini. Mashine ikajifunza kukusalimia kwa Kiswahili na ikaendelea kudhani ng' ni nukuu.

Najua litakalofuata: mzee unataka nini hasa, dunia nzima ibadilishe kompyuta kwa ajili ya kata moja ya Tabora? Hapana. Nataka vitu vichache, na vyote vinawezekana leo bila kumwomba mtu wa Marekani. Anayetengeneza programu ya shule, zahanati au ushirika wa tumbaku aijaribu kwa jina la Ng'wandu kabla hajaijaribu kwa la John. Ritifaa zote zihesabiwe kuwa moja wakati wa kutafuta. Hiyo ni kazi ya mistari michache, kijana wangu alinifanyia mchana mmoja tulipokwisha kugombana. Jina la faili likiwa lazima liwe la kimashine, basi liwe namba tupu, 0417, na jina la kweli likae kamili kwenye rejista pembeni. Hilo la namba nalikubali bila kinyongo. Namba haijifanyi kuwa jina. Ngambo inajifanya.

Na walimu wa kompyuta waache kusema "toa hiyo alama" kama wanavyosema "futa vumbi". Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857 waliandika mahali hapa Kazeh, na ramani za Ulaya zikabeba Kazeh kwa miaka. Wale walikuwa wageni, walikuwa wanasikiliza kwa sikio la wageni. Sisi tunayo sauti mdomoni na herufi yake tumefundishwa darasa la kwanza.

Folda ya Kongo sasa inaitwa KONGO, herufi tano, Windows haikusema kitu. Picha za Ng'ambo nimezirudisha zote kwa namba, na rejista naiandika upya kwa mkono wangu, jina moja baada ya jingine. Juzi kijana amenitumia ujumbe kuuliza kama nimemaliza. Ameandika Ng'ambo, na ritifaa yake.