Mgonjwa wa Orem Hayupo Busia

Darasani tunapanga nadharia za uuguzi kama viatu sokoni: ya Orem ina mantiki, ya Henderson ni rahisi kukariri kwa mahitaji yake 14, ya Leininger ni "ya utamaduni", kwa hiyo inasukumwa hadi wiki ya mwisho ya muhula. Mpangilio huo naupinga.

Dorothea Orem, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake mwaka 1971, anaanza na mtu mmoja: je, anaweza kujitunza? Asipoweza, muuguzi anaziba pengo. Lakini njoo wodini, upande wowote wa mpaka. Kando ya kitanda pana mkeka, na kwenye mkeka pana ndugu. Huyo ndiye anayelisha, anayeosha, anayekimbilia dawa.

Mtasema Orem naye alimtaja anayemtunza asiyejiweza. Kweli. Basi sikilizeni yaliyonipata wodini Busia, upande wa Kenya, nikiwa mafunzoni.

Tulimpokea mama mzee, Msamia, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Nikajaza fomu: kuoga, hawezi, msaidizi, yupo. Nikaridhika. Msaidizi alikuwa mume wa binti yake. Binti mwenyewe alikuwa Tororo, amejifungua juzi. Siku mbili mama hakuogeshwa. Mkwe hamgusi mama mkwe, na mama mwenyewe asingekubali. Kijana alishinda nje kwenye benchi, nami (naona aibu kuandika) nikamwita mvivu. Aliyemwogesha mwishowe ni mwanamke Mteso aliyekuwa akimuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili. Ndiye pia aliyeona kidonda kinaanza mgongoni.

Madeleine Leininger aliishi na Wagadsup wa Papua New Guinea miaka ya 1960, akitaka kujua watu wanaitanaje huduma na nani humhudumia nani. Swali hilo linatangulia fomu. Lina hatari yake: wavivu huligeuza orodha ya "Wasamia hivi, Wateso vile", wakati hapa mpakani watu wameoana na familia moja inalala nchi mbili. Dawa ya hilo ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe, si kuliacha swali.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahadhiri ni dogo. Leininger afundishwe wiki ya kwanza, na chini ya "msaidizi, yupo" tuongeze mistari miwili: ni nani kwake, na ni jambo gani hawezi kumfanyia?