Nani Hulipa Malezi ya Bei Rahisi?

Wahenga walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii husomwa shuleni na hukaririwa katika hotuba, lakini bado inatafuta nafasi yake katika daftari la mishahara. Mtu achungaye fedha za watu hulipwa vizuri; mtu achungaye magari ya watu hulipwa kiasi; mtu achungaye watoto wa watu hulipwa mabaki, na mara nyingi halipwi kabisa. Kama thamani ya kitu hujulikana kwa kile ambacho watu wako tayari kukitoa kwa ajili yake, basi sisi tunaomsifu mtoto kwa ulimi twamkana kwa mkono.

Neno langu ni hili: malezi ya bei rahisi yaliyoenea katika miji yetu si rahisi hata kidogo. Gharama yake hulipwa yote, haibaki senti. Ila hulipwa na watu watatu wasio na sauti ya kukataa. Mlezi huilipa kwa ujira wake mdogo. Msichana wa kazi huilipa kwa masomo aliyoyaacha. Na mtoto huilipa kwa afya na akili yake. Haki yataka mzigo huo uondolewe juu ya mabega yao, ubebwe na jamii nzima kwa mfuko wake wa umma.

Tuzitazame sheria za Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja; na arudipo kazini humpa saa zisizozidi 2 kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Hilo ni jema. Kwa upande wa pili, tangu mwaka 2016 elimu ya awali katika shule za serikali hutolewa bila ada, na mtoto huipata afikapo umri wa miaka 5 hivi. Hilo nalo ni jema. Lakini kati ya siku ya 84 na mwaka wa 5 pana bonde refu, na juu ya bonde hilo hapana daraja la umma. Katika bonde hilo ndimo mtoto ajifunzamo kutembea na kusema, kuamini watu na kuwaogopa. Wataalamu hutwambia kwamba afikapo miaka 5 ubongo wake umekwisha kufikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Basi sisi twaanza kujenga kuta wakati msingi umekwisha kuwekwa, tena umewekwa na fundi tusiyemlipa wala kumjua.

Tena hizo siku 84 ni za mwenye ajira. Mama lishe, muuza mboga, mchuuzi wa samaki na mfuaji wa nguo za watu hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Siku asiyotoka mmoja wao ni siku ambayo nyumba yake hailali na chakula. Afanyeje? Aghalabu huwa na njia nne. Humbeba mtoto mgongoni hadi penye moshi na mafuta yanayochemka. Au humwachisha binti yake mkubwa shule ili amwangalie mdogo wake. Au humleta binti wa mtu mwingine kutoka kijijini, akamwita dada, akampa godoro na ahadi. Au humpeleka kwa jirani ambaye amekusanya watoto wengi katika chumba kimoja, kwa malipo ya kila siku. Katika njia hizo zote hapana hata moja iliyochaguliwa kwa moyo mkunjufu. Zimechaguliwa na umaskini, kisha lawama akatwishwa mama.

Wapo wanaotaka jirani yule ashtakiwe. Mimi sitaki. Huyo ndiye mtu wa pekee aliyeitikia mwito ambao wenye mamlaka hawakuuitikia. Ni kweli kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huwataka wenye vituo vya kulelea watoto mchana wavisajili, na ni kweli kwamba usajili una sababu njema: nafasi, usafi, usalama na mlezi aliyefunzwa. Lakini nani atalipa nafasi hiyo na mafunzo hayo? Ikiwa gharama yote itatoka katika mkoba wa mama, ada itapanda, na kituo kitakuwa cha wenye nacho. Ikiwa ada itashushwa ili mchuuzi aimudu, ujira wa mlezi utashuka pamoja nayo, na watoto watazidi katika chumba. Kuamrisha ubora bila kutoa fedha ni kuvifunga vituo vya maskini kwa jina la kuwalinda maskini. Kuamrisha urahisi bila kutoa fedha ni kumnyonya mwanamke mmoja ili mwingine apate nafuu. Mkoba wa mama na mkoba wa mlezi yote miwili ni mitupu. Kuihamisha sarafu moja kutoka huku kwenda kule hakuongezi mali. Hapana budi aingie mlipaji wa tatu, na mlipaji huyo ni umma.

Hapa husimama wapinzani. Wa kwanza husema kwamba malezi ni kazi ya mama, na kwamba kituo ni desturi ya kigeni. Namwuliza huyu: ni lini katika desturi zetu mama aliachwa alee peke yake? Palikuwapo nyanya na shangazi, wifi na jirani, na ua mmoja wenye macho mengi. Mkono mmoja, waliambizana, haulei mwana. Kilicho kigeni ni chumba cha kupanga chenye mlango mmoja, na mama aliyefungiwa humo na mwanawe bila ndugu. Kituo chema cha mtaa ni ule ua wa zamani uliorudishwa mjini.

Wa pili husema: bibi yupo, na amlee mjukuu. Bibi yupi? Wengi wako vijijini na jembe mkononi. Na walioko mjini nao wana meza sokoni. Uzee wa mwanamke maskini si likizo, hata tuugawe upya kama mali isiyo na mwenyewe.

Wa tatu, ambaye ndiye hodari wao, husema kwamba nchi ni maskini na vituo ni anasa. Huyu hajahesabu upande wa pili wa daftari. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, wachunguzi waliwapa akina mama fulani hati za kulipiwa malezi ya watoto wao vituoni, wakawalinganisha na wenzao wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: waliopewa walikuwa na uwezekano wa kuwa kazini uliozidi ule wa wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Na wale waliolea bila mume waliweza kuhamia katika kazi zenye saa za utaratibu zaidi, bila mapato yao kupungua. Basi fedha ya malezi si maji yaliyomwagwa mchangani. Ni mbegu, na huota katika kazi ya mama kabla haijaota katika akili ya mtoto.

Wala pasiwe na mtu wa kusema kwamba jambo hili halijapata kujaribiwa na watu wa kwetu. Mwaka 1982, huko Mombasa, ilianzishwa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan kazi ya kuunganisha malezi ya awali na madrasa, na Bi Swafiya Said akawa nguzo yake. Wanawake wa mitaa ile ile walifunzwa ualimu. Vitu vya kuchezea vikatengenezwa kwa vifaa vilivyopatikana karibu. Wazazi wakawa wasimamizi. Kazi hiyo ilivuka ikafika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Funzo lake ni mawili. Ubora si rangi ya ukuta, wala si mtoto wa miaka 3 kukariri hesabu kwa Kiingereza. Ubora ni mtu mzima mwenye subira na maarifa, watoto wachache mbele yake, maji safi, uji, mchezo na mazungumzo. Na la pili: hata jamii yenye moyo ilihitaji mkono wa kuisaidia. Moyo pekee haulipi mshahara.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliyataja malezi ya watoto kwa jina miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Tanzania nayo, mwezi Desemba 2021, ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kwa uzinduzi huo taifa lilikiri kwamba miaka ya kwanza ya mtoto ni shughuli ya umma. Aliyekiri deni amebakiwa na jambo moja tu, nalo ni kulilipa.

Na alilipe wapi? Aanzie sokoni. Kila mwanamke mwenye meza au kizimba sokoni hutoa ushuru, na ushuru huo huingia katika mapato ya halmashauri. Sheria imekwisha kuzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na katika hiyo, asilimia 4 ni ya wanawake. Lakini mkopo anaopewa mama asiye na mahali pa kumweka mtoto ni jembe lisilo na mpini. Nataka basi kila soko litozalo ushuru liwe na nyumba ya watoto, ifunguliwe alfajiri wachuuzi wanapofika, wala si saa 2 wanapofika makarani. Nataka mlezi wake aandikwe katika orodha ya mishahara ya halmashauri, afunzwe, na akaguliwe. Nataka mama achangie kwa kadiri ya uwezo wake, na asiye nacho asirudishwe mlangoni. Soko halijengwi bila choo wala bila ofisi ya mtoza ushuru. Lisijengwe tena bila chumba cha mtoto.

Neno la mwisho ni letu sisi tusomao kurasa hizi. Tumeandika tasnifu juu ya malezi, na tumefanya makongamano katika kumbi zilizofagiliwa alfajiri na wanawake ambao hatukuwauliza watoto wao wako wapi saa hiyo. Elimu isiyouliza swali hilo mlangoni pake haina haki ya kuliuliza mtaani. Tuanze na vyuo vyetu: mfagizi na mpishi wapate kituo kile kile anachokitamani profesa, kwa ada ya uwezo wao. Kisha twende kwa madiwani na hoja mkononi, wakati bajeti inapopangwa, si baada ya kupitishwa. Mtoto hangoji bajeti ya mwaka ujao. Hukua leo, kwa kile alichopewa leo, na asichopewa leo hatatudai kesho kwa maneno, bali kwa hali ya taifa atakalolishika.