Kilichozuiwa ni Kitabu, si Fimbo

Imani inayorudiwa katika mahubiri na vikao vya wazazi jijini Arusha, kwamba riwaya za distopia, yaani hadithi za jamii ya kubuni ambamo watawala wamejitwalia kila uamuzi wa raia, huwafundisha vijana uasi wa kigeni, ni imani ya watu wasiosoma riwaya hizo. Hudaiwa kwamba kijana wa Kimeru au wa Kiarusha hana haja ya kujiuliza yeye ni nani, kwa kuwa ukoo na rika, kundi la waliopita jandoni pamoja, vimekwisha kumjibu. Kama ndivyo, basi wenye madai hayo wangempenda Katniss, binti wa miaka 16 katika The Hunger Games (2008) ya Suzanne Collins, ambaye utambulisho wake, maana yake jinsi anavyojielewa na anavyotambuliwa na wengine, unaanzia kwenye udugu: anajitolea kwenda kufa badala ya mdogo wake wa miaka 12. Ukoo gani wa Meru ungemkana?

Zito zaidi ni Divergent (2011) ya Veronica Roth, ambamo kijana wa miaka 16 hupimwa, kisha huchagua kundi moja kati ya matano na kufungwa nalo maisha yake yote. Mwanafunzi wa kidato cha nne pale Tengeru haoni ugeni wowote hapo, kwani naye hujaza Selform, fomu ya kuchagua masomo na shule, husubiri matokeo ya baraza la mitihani, NECTA, kisha ofisi ya serikali ya TAMISEMI humpangia shule na tahasusi, yaani mchepuo wa masomo kama PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Na ingawa tahasusi ziliongezwa hadi 65 mwaka 2024, nyumbani inayoruhusiwa ni moja tu, ile ya udaktari.

Hofu kwamba msomaji atashika upinde kama Katniss inachekesha. Mwalimu Nyerere alichapisha mwaka 1963 tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, mtawala anayeuawa na wenzake, na wasomaji wake hawakutoka na visu mkononi. Wanaolalamikia ugeni ndio haohao wanaolipia shule ambako mtoto akinaswa akizungumza Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Na mwandishi Kezilahabi alipomwonyesha Zakaria, katika riwaya yake Rosa Mistika (1971), akimcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, kilichozuiwa shuleni kilikuwa kitabu, si fimbo.

Mzazi anayetaka kumnyang'anya mwanawe riwaya aitazame kwanza Selform ya mtoto ambayo yeye mzazi ndiye aliyeijaza kwa mkono wake, amwulize mtoto angeandika nini.