Kabla ya Tasnifu



Mwezi uliopita alitujia binti mmoja pamoja na mama yake. Binti huyu alianza alifu na be kwetu angali mdogo. Leo yuko chuo kikuu, asomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na mbele yake ana kazi ya kuandika tasnifu. Mama ndiye aliyeanza kusema, tena kwa uchungu: "Maalim, mwezi wa pili huu mtoto yumo chumbani na vitabu. Mwiko haushiki. Nikimwuliza ameandika kurasa ngapi, asema hata moja."

Sisi elimu yetu ya skuli iliishia darasa la saba, wala hatujapata kuandika tasnifu. Lakini fundi wa majahazi twamjua: huzunguka siku nyingi akitafuta miti iliyopinda kwa maumbile yake ili apate mataruma, na mwenye jahazi asiyeijua kazi hudhani amlipa mtu kutembea. Tulimwambia mama haya. Akanyamaza, ingawa hakuridhika.

Kisha tulimwuliza binti ataandika juu ya nini. Akajibu, "Mwanamke katika ushairi wa Kiswahili, Maalim." Tulicheka, Mungu atusamehe. Hiyo ni bahari, naye ana mtumbwi na mwaka mmoja. Tukamwuliza ni utungo gani uliomkaa moyoni, akautaja Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Basi na aushike huo. Lakini huo nao umekwisha kuandikiwa na wengi, na Alice Werner na William Hichens waliutoa kwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934. Kusema tena kuwa mke yule ni mtiifu, au kuwa ameonewa, hakutamfikisha mbali. Kwa maoni yetu lenye faida zaidi ni jambo dogo na gumu: nakala za mkono zasemaje pale zinapokhitilafiana na chapa, na ni nani aliyelichagua neno hili akaliacha lile? Swali la namna hii lina ukingo, na mtu aweza kulijibu.

Hapo binti aliinamisha kichwa. Msahafu ausoma vizuri. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu hakiwezi. Wala si ajabu. Katika khati nyingi za kale, herufi ba ni b, nayo ni p, nayo ni mb. Kasra ni i na ni e. Dhumma ni u na ni o. Na n iliyo mbele ya d mara nyingi haiandikwi. Ba na dal zenye fat-ha zaweza kusomwa banda au panda, na msomaji hana njia ya kujua ila kwa maana ya ubeti. Aliona haya kukiri, lakini haya hiyo ni yetu sisi walimu. Miaka yote hii twafundisha watoto herufi hizo, wala hatukuwapa hata mstari mmoja wa lugha yao wausome kwazo, ilhali babu zao waliandikiana barua na madeni kwa khati hiyo hiyo. Tumeahidiana naye jioni mbili kila wiki.

Sasa, yuko mzee mmoja mtaani kwetu mwenye kasha la maandishi ya babake. Zamani alimwazima mgeni daftari moja, nalo halikurudi. Tangu siku hiyo kasha limefungwa. Binti alitaka kwenda kesho yake. Tulimzuia. Kwanza ajizoeze kwa yaliyo wazi kwa watu wote: maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina maandishi yaliyokusanywa na J. W. T. Allen, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Chuo cha SOAS cha London kimeweka mengi katika intaneti. Na maandishi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yamekwisha kupigwa picha. Kisha apate barua ya chuo, na kibali ambacho huku Kenya mtafiti hana budi kuwa nacho. Tena asiende peke yake. Daftari lisitoke nyumbani. Alipige picha kwa simu pale pale, na nakala ya kwanza iwe ya wenye nyumba. Na papo hapo aandike ni la nani, alilinakili nani, kutoka kwa nani, lini. Wanavyuoni wa Hadithi hawakuona taabu kumwuliza mtu amesikia kwa nani. Asiyeandika usiku huo, mwakani atakuwa na picha mia zisizo na wenyewe.

Tulipokuwa twasema hayo, mama alianza kuusoma utendi ule kwa sauti ndogo, kwa mahadhi, beti sita au saba, kama alivyousikia kwa nyanya yake. Binti alifungua kitabu akafuatisha kwa kidole. Kidole kikasimama: palikuwa na neno lisilokuwamo kitabuni.

"Mama, mbona hukuniambia kuwa waujua?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Nilidhani wataka vitabu."

Kibali bado hakijatoka. Mzee wa kasha amekwisha kupelekewa salamu, naye ameuliza jambo moja tu: msichana huyo ni mjukuu wa nani?