Ni Nani Atakayeisoma Picha?

Mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipiga picha ya mkono wa mkewe kwa mionzi aliyoiita eksi, kwa kuwa asili yake haikujulikana. Hakudai hataza, aliuacha ugunduzi wake uwafae wanadamu wote. Zaidi ya karne moja baadaye, sisi hukata utepe mbele ya mashine mpya ya eksirei, hupiga makofi, kisha husahau kuuliza: ni nani atakayeisoma picha? Kivuli kwenye pafu chaweza kuwa kifua kikuu, saratani au kovu la zamani. Picha ni ushahidi, si hukumu. Bajeti inayonunua mashine bila kumsomesha mtaalamu wa kuifasiri picha humwachia mgonjwa kivuli mkononi na ugonjwa mwilini.