MAMBO YA NYUMBANI: Nauli ya Mwenye Sare

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na barabara zake kubwa, yaani ya Jinja, ya Entebbe, ya Masaka, ya Bombo na ya Gayaza, huwaleta watu wote katikati ya mji. Viwanja vikuu vya teksi vimo bondeni, karibu na Nakivubo. Kwa hiyo kila asubuhi wafanyakazi, wanafunzi na wachuuzi hukutana penye mlango mmoja mwembamba, na aliyechelewa kutoka kwake kwa robo saa huweza kuchelewa kazini kwa saa nzima.

Hapo zamani wakazi walichukuliwa na mabasi makubwa ya Uganda Transport Company, yaliyojulikana kwa jina la UTC. Kampuni hiyo ilipodhoofika, kazi yake ilishikwa na teksi za watu binafsi zenye viti 14 vya abiria, ambazo wenyeji huziita kamunye, yaani mwewe. Mwaka 2012 mabasi makubwa yalirejeshwa, lakini hayakudumu. Hesabu yake si ngumu: basi moja lenye viti 56 hufanya kazi ya teksi nne, na teksi nne hutaka nafasi kubwa zaidi barabarani.

Iko sababu nyingine ya msongamano. Mara nyingi dereva wa teksi siye mwenye gari. Hana budi kununua mafuta, na jioni kumpelekea mwenye gari fedha waliyopatana. Ndiyo maana hatoki uwanjani mpaka viti vijae, na njiani hushawishika kumwongeza abiria wa 15 na wa 16. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali iliamuru kila teksi ichukue nusu ya abiria, nauli ikapanda. Kiti kisicholipiwa hulipiwa na jirani yake.

Jambo hili lamhusu askari hasa. Yuko apandaye akiwa amevaa sare, akafika aendako, akashuka bila kutoa nauli, naye kondakta hunyamaza kwa hofu. Lakini fedha ile haikusamehewa. Kondakta huitafuta kwa kuwapandishia nauli abiria wengine au kwa kumbana mtu mmoja zaidi katika kiti. Huenda anayebanwa ni mke wa askari yule yule, arudiye kutoka sokoni na mtoto mgongoni. Vivyo hivyo polisi wa barabarani aiachiaye njia teksi iliyojaa kupita kiasi, hajamsaidia dereva. Amehatarisha watoto wa watu, na pengine wa kwake.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Nauli ipangwe pamoja na unga na sabuni siku ya mshahara. Mtu alipaye shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, kwa siku 26 za kazi hutumia shilingi 104,000. Asipoziweka kando mapema, wiki ya mwisho atakopa. Noti ndogo ziandaliwe usiku, ili asubuhi pasiwe na ugomvi wa chenji. Mfuko ubebwe kifuani katika umati, wala si mgongoni. Mtoto akalishwe katika kiti chake ikiwa uwezo upo, kwani mikono ya mama haiwezi kumzuia gari lifungapo breki kwa ghafla. Usiku ni heri kupanda kwenye stagi yenye watu kuliko kusimamisha gari gizani. Naye apandaye boda boda avae kofia ya usalama, na pikipiki isichukue zaidi ya abiria mmoja.

Sare humpa askari mamlaka ya kuwalinda wananchi. Ndani ya teksi ulinzi huo huanza kwa kulipa nauli, kumpisha mzee kiti, na kumwambia kondakta kwa upole kwamba gari limejaa. Abiria watakaomwona akifanya hivyo hawatahitaji kufundishwa kumheshimu.