Konstrakta Tupu

Kuna mtindo wa kuandika Java ambao mafunzo mengi huanza nao, na mimi nasema ni mtindo mbaya. Unaunda klasi, unaiachia konstrakta tupu, kisha unapanga foleni ya metodi: weka jina, weka kiasi, weka tarehe. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa eti programu inyumbulike. Mimi nauita bora liende.

Chukua klasi ya stakabadhi yenye jina la mlipaji, kiasi na tarehe. Ukiunda stakabadhi mpya bila kutia chochote kwenye mabano, Java haigombi. Kiasi kinakuwa 0, jina na tarehe vinakuwa nali. Kitu kimeshazaliwa, kinapita mkono kwa mkono ndani ya programu, na hakuna anayejua kama kimejazwa. Karani gani angekugongea muhuri kwenye karatasi nyeupe akakwambia nenda, utajaza nyumbani?

Kinachouma ni kwamba bomu halilipuki pale lilipotegwa. Linalipuka kwenye faili jingine kabisa, mtu anapojaribu kusoma jina ambalo halikuwekwa. Au halilipuki: stakabadhi ya shilingi 0 inachapwa, inahifadhiwa, na aliyelipa ada anaonekana mdaiwa. Hapo nani atamwamini? Mfumo umeshasema. (Tony Hoare, aliyebuni nali mwaka 1965, alikuja kuiita kosa lake la dola bilioni moja. Sisi tunafundisha watu kuizalisha kwa hiari.)

Konstrakta ipo ili kuziba mwanya huo. Bjarne Stroustrup, alipoanza mwaka 1979 kazi iliyokuja kuzaa C++, aliitaka ihakikishe kitu kiko katika hali halali kabla metodi nyingine haijakigusa. Basi dai kila thamani ya lazima kwenye mabano. Kiasi kikiwa hasi, tupa hitilafu palepale. Aliyeomba stakabadhi hapewi kitu nusu. Tia neno final kwenye kila sehemu, na kompaila itagoma ukisahau kujaza hata moja.

Najua utetezi. Hibernate inataka konstrakta isiyo na vigezo. Sawa, lakini kanuni za JPA haziilazimishi iwe ya wazi kwa kila mtu. Ifiche, uiachie Hibernate peke yake.

Wengine wanasema vigezo kumi na moja vinachosha. Vinachosha, naam! Ila metodi kumi na moja za kuweka thamani hazijapunguza hata kimoja, zimekuruhusu tu kusahau. Na klasi inayohitaji vitu kumi na moja ili iishi, mara nyingi ni klasi tatu zilizobanwa chumba kimoja: anwani itoke ikajitegemee, pesa na sarafu yake vitoke pamoja. Kuhusu uchovu wa vidole, tangu Java 16 ya mwaka 2021 unaweza kutangaza rekodi kwa mstari mmoja na konstrakta inajiandika yenyewe. Unabaki na ukaguzi wa kiasi tu.